Januari ya Saint Petersburg kwa mtu aliyetoka Sapiwi

Tangu nirudi nyumbani Sapiwi, mkoani Simiyu, vijana wa Bariadi wanaojiandaa kwenda kusoma Urusi wananiuliza kwanza habari za koti. Wanataka kujua wanunue koti gani, zito kiasi gani, la bei gani. Nawajibu kwamba koti tutalizungumza mwisho. Kinga ya baridi inaanzia kwenye ngozi, na kinachomuumiza mapema mtu wa kwetu akiwa kule ni jasho lake mwenyewe.

Nilikwenda Saint Petersburg mwezi Januari kumtembelea mdogo wangu anayesoma huko. Mji huo ulianzishwa na Tsar Peter Mkuu mwaka 1703, pale mto Neva unapoingia Ghuba ya Finland, karibu kabisa na nyuzi 60 kaskazini mwa ikweta. Wastani wa joto la Januari ni kama nyuzi 5 chini ya sifuri. Ukiisoma namba hiyo haikutishi, lakini zipo siku inateremka hadi 20 chini ya sifuri, na upepo wa baharini unakuja na unyevu unaopenya hadi kwenye mifupa. Utawasikia hata watu waliokulia Siberia, waliozoea baridi kali kuliko hiyo, wakilalamikia unyevu wa Petersburg.

Sisi wa Simiyu ni watu wa pamba. Ada za shule zetu zimelipwa na pamba, na mkoa wetu ndio unaoongoza nchini kwa zao hilo. Kwa hiyo nitakalosema nalisema kwa heshima yote: fulana ya pamba isikae kwenye ngozi yako unapotoka nje Januari. Pamba inanyonya jasho na kulishikilia. Kwenye jua la kwetu hiyo ni neema, maana unyevu ule unakupoza. Kule unatembea haraka ukiwa umevaa nguo nyingi, unapanda ngazi, unaingia duka lenye joto kali, mgongo unalowa bila wewe kujua, kisha unarudi nje. Fulana iliyolowa inaanza kukunyang'anya joto la mwili, na koti lako la bei kubwa haliwezi kuzuia hilo kwa sababu baridi iko ndani yake.

Fulana ya kwanza na suruali ndefu ya ndani viwe vya sufu nyepesi, au vya kile kitambaa cha michezo kinachokauka upesi. Juu yake vaa sweta la sufu. Mwisho kabisa ndipo lije koti refu la kufika mapajani, lisilopitisha upepo wala maji, lenye kofia yake. Nguo hizi zisibane. Joto linatunzwa na hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo, na ukijikaza ndani ya masweta matatu ya kubana unakuwa umeifukuza hewa hiyo yote. Ukiwa na tabaka tatu unaweza pia kufungua na kufunga kadiri unavyoingia na kutoka, jambo utakalolifanya mchana kutwa.

Sufu nzuri haina haja ya kukufilisi. Masweta na soksi za sufu zipo kwenye mitumba ya Mlango Mmoja pale Mwanza, na Karume ukifika Dar es Salaam, na mara nyingi zinauzwa rahisi kwa sababu huku hazina wateja wengi. Soma lebo ya ndani kabla ya kulipa. Koti na viatu subiri ununue kulekule, maana vya kwao vimetengenezwa na watu wanaoijua baridi yao. Unapochagua koti, tazama ndani ya shingo kama kuna kitanzi cha kulitundikia. Kwenye makumbusho, kumbi za maonyesho na sehemu nyingi za chakula huruhusiwi kuingia na koti. Unalikabidhi kwa mhudumu mlangoni, mara nyingi mama mtu mzima, naye anakupa kibati chenye namba. Koti lisilo na kitanzi linamsumbua na atakwambia wazi. Mwamkie, mpe koti, msikilize. Ukitaka, nunua sindano na ushone kitanzi chako mapema.

Viatu vinahitaji fikra zaidi kuliko koti. Chukua buti kubwa kwa namba moja kuliko unazovaa siku zote, ili soksi ya sufu ikae na vidole vicheze. Kiatu kinachobana kinazuia damu, na mguu usiopata damu unaganda hata ukiuvisha soksi nne. Soli iwe ya mpira laini wenye meno. Ya plastiki ngumu inateleza. Pia kiatu kisipitishe maji, kwa kuwa Petersburg theluji haibaki nyeupe. Barabarani wanamwaga chumvi na mchanga, theluji inageuka tope la baridi, na tope hilo linakula ngozi ya kiatu. Jioni pangusa chumvi kwa kitambaa chenye unyevu, jaza gazeti ndani ya kiatu, kiweke mbali kidogo na rediata, kile chombo cha kupasha chumba joto. Kukibandika juu ya rediata ni kukipasua.

Kutembea juu ya barafu kunajifunzwa kwa siku chache. Tembea kama mama aliyejitwika ndoo ya maji: hatua fupi, unyayo wote chini, uzito juu ya mguu wa mbele, bila kukurupuka. Mikono iwe nje ya mifuko ili ukiyumba ujishike. Zinauzwa pia raba zenye vyuma vidogo vya kuvalia juu ya kiatu. Ni rahisi na mzee yeyote asiende bila hizo. Na unapopita kando ya nyumba ndefu za katikati ya mji, inua macho. Barafu inaning'inia kwenye kingo za mapaa mfano wa mikuki, na ikiachia inaua. Mji huo umewahi kuzika watu kwa sababu hiyo. Ukiona utepe wa rangi nyekundu na nyeupe umezungushwa kwenye njia ya miguu, zunguka, hata kama wenyeji wawili watatu wanapita katikati.

Kitu ambacho hakuna aliyenisimulia kabla sijaondoka ni joto la ndani. Nyumba za mijini Urusi zinapashwa joto na maji ya moto yanayotoka kwenye mitambo mikubwa na kuzunguka mtaa mzima kwa mabomba, na yakishafunguliwa wakati wa vuli hayafungwi hadi baridi iishe. Chumbani kwa mdogo wangu tulikaa na fulana nyepesi, na usiku alifungua kidirisha kidogo cha juu ili tupumue. Hapo ndipo fulana za pamba zinapopata kazi. Hewa ya ndani inakauka kupita kiasi. Pua inaweza kutoka damu na koo kukwaruza. Tandaza taulo lenye maji juu ya rediata usiku, kunywa maji hata kama husikii kiu.

Ngozi yetu nayo inadai matunzo. Losheni nyepesi zina maji mengi, kwa hiyo kabla ya kutoka pakaa mafuta ya mgando usoni, midomoni na mikononi, kisha vaa glavu. Zile glavu zinazokusanya vidole vinne pamoja zina joto kuliko zenye vidole vilivyotengana. Jifunze pia kuitambua ngozi inayoanza kuganda. Inawasha na kuchoma, halafu maumivu yanakoma na sehemu inakufa ganzi. Kwa mtu mweupe inaonekana kuwa nyeupe zaidi. Kwa ngozi yetu inakuwa ya kijivujivu, na jioni hutaiona vizuri, kwa hiyo amini ganzi kuliko macho. Ingia ndani mara moja. Usisugue, na wala usipake theluji kama wanavyoshauri baadhi ya wazee. Tumia maji ya uvuguvugu na umwone daktari. Pombe nayo inakudanganya: inapeleka damu kwenye ngozi ujisikie moto, huku joto la ndani ya mwili likivuja.

Halafu kuna giza. Saa za Saint Petersburg ni sawasawa na za kwetu, hivyo huna haja ya kubadili saa yako, na ndiyo maana tofauti inakushangaza zaidi. Mwishoni mwa Desemba Sapiwi jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi na linazama karibu saa moja jioni. Petersburg siku hizo linachomoza saa nne asubuhi na linazama kama saa kumi alasiri. Jua linaonekana kwa muda wa kama saa sita tu, na hata saa sita mchana jua liko chini kwenye upeo. Mdogo wangu aliniambia kwamba mwaka wake wa kwanza alilala ovyo, akakosa hamu ya chakula, akadhani ana malaria. Kama unakwenda kukaa miezi, jilazimishe kutoka nje kila siku saa za adhuhuri, hata robo saa. Muulize daktari habari za vitamini D pia: ngozi nyeusi inaitengeneza kwa shida penye jua hafifu, na kwenye latitudo hiyo jua la kipupwe halitoshi kwa ngozi ya rangi yoyote.

Safari yenyewe niieleze kwa kifupi. Viza inashughulikiwa ubalozi wa Urusi Dar es Salaam, na ndege nyingi zinaunganisha Addis Ababa, Dubai, Doha au Istanbul. Tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko, kwa hiyo kadi ya benki yako ya Mwanza haitakununulia hata chai. Beba dola au euro safi, zisizokunjwa wala kuandikwa, na ubadilishe benki. Ndani ya siku saba za kazi lazima makazi yako yaandikishwe. Hoteli inafanya yenyewe, ila ukifikia kwa mtu mwenyeji wako ndiye wa kufuatilia. Tembea na pasipoti na karatasi ya uandikisho, polisi wana haki ya kuviomba. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa sababu betri inazima ghafla kwenye baridi kali, na hapo ndipo unapohitaji ramani.

Wadogo zangu, mnisikilize na hili. Januari 2023 mwili wa kijana wa Kitanzania aliyekuwa amekwenda Urusi kusoma ulirudishwa nyumbani kutoka kwenye vita vya Ukraine. Vita hivyo visikunase nawe: ukiahidiwa kazi nono huko, na mkataba uko kwa lugha usiyoisoma, usitie saini. Kamwonyeshe mtu anayejua Kirusi na ubalozi wetu ulioko Moscow.

Kwenye chakula sina mashaka na Msukuma yeyote. Kuna kefir, maziwa yaliyochachushwa ambayo mtu aliyekulia kwenye maziwa mgando atayapenda siku hiyohiyo. Kuna supu ya borsch yenye bitiruti na kabichi, na pelmeni, vinyama vilivyofungwa kwenye unga na kuchemshwa. Kula cha moto kabla ya kutoka, tena chenye mafuta. Mimi nilimpelekea mdogo wangu michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, na nilipokuwa nikizunguka mjini nilitafuna michembe ya mfukoni, chakula kisichoganda.

Kuhusu mahali pa kwenda, tumia treni ya chini ya ardhi upashe mwili joto kati ya sehemu na sehemu. Kituo cha Admiralteyskaya kiko mita 86 chini, na ngazi zake za umeme ni ndefu kiasi cha kukupa muda wa kufungua koti lote. Kinakutoa karibu na Hermitage, jumba la wafalme wa zamani lililogeuzwa makumbusho, linalofungwa Jumatatu. Tenga siku ya Piskaryovskoye, makaburi wanakolala karibu watu nusu milioni, wengi wao raia waliokufa kwa njaa na baridi Wajerumani walipouzingira mji huo, wakati huo ukiitwa Leningrad, kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944. Kila tarehe 27 Januari watu wanapeleka maua hapo. Nilipokuwa nimesimama kwenye baridi ileile iliyowaua, nikiwa nimeshiba na nimevaa sufu, nilielewa kwa nini mabibi wa mji ule wanamkaripia mgeni asiyevaa kofia.

Pia usiondoke bila kutafuta Kiswahili. Kimefundishwa katika mji huo tangu miaka ya 1930, na Dmitri Olderogge, msomi wa huko, alisimamia kamusi ya Kiswahili na Kirusi iliyotoka 1961. Ukipata mwanafunzi wa lugha yetu atakutembeza kwa furaha, nawe utakuwa umemsaidia kusikia Kiswahili cha Kanda ya Ziwa.

Lakini nikiambiwa nichague mahali pamoja, nitachagua nyumba namba 12 kando ya mto Moika, alikofia mshairi Alexander Pushkin. Babu wa mama yake, Abram Gannibal, alikuwa mtoto wa Kiafrika aliyechukuliwa kwao, akapitishwa Istanbul, akafikishwa kwa Tsar Peter, na akaishi hadi kuwa jenerali. Pushkin aliijua asili hiyo na kuiandika. Alipigwa risasi kwenye pambano la bastola juu ya theluji, akafariki 10 Februari 1837 kwa kalenda ya sasa. Kila mwaka siku hiyo watu wanakusanyika uani, na saa tisa kasoro robo alasiri, saa aliyokata roho, wanamkumbuka kwa kimya. Ratiba yako ikiruhusu, nenda. Ila kumbuka kwamba kusimama kunaleta baridi upesi kuliko kutembea. Ongeza sweta moja, weka soli ya sufu ndani ya buti, simama juu ya kipande cha boksi kama barafu imefunika mawe ya uani, na uwe umekunywa chai ya moto kabla hujaingia getini.