Mshahara Ukichelewa Wakati wa Sikukuu

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Desemba, wafanyakazi wengi katika miji ya Kenya huanza kuhesabu siku. Hawahesabu siku za kufikia Krismasi tu, bali huihesabu na siku ya kulipwa mshahara, maana bila ya hiyo ya pili ile ya kwanza huwa nzito. Imekuwa desturi ya matajiri wengi kuwalipa watu wao mapema, pengine tarehe 20 au 22, ili wapate kusafiri na kununua mahitaji. Desturi hiyo ni njema, lakini imewafanya wengi wasahau sheria yenyewe isemavyo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba kibarua wa siku hustahili malipo yake siku hiyo inapokwisha, na mtu aliyeandikwa kwa mwezi hustahili mshahara wake mwisho wa mwezi. Kwa hiyo tajiri anayelipa tarehe 31 Desemba hakuchelewa hata kidogo. Aliyelipa tarehe 22 ndiye aliyetenda hisani, na hisani ya mwaka jana si deni la mwaka huu. Mfanyakazi anayemwahidi mkewe gunia la unga kwa tegemeo la tarehe 22 ameahidi kitu ambacho bado hakijawa chake.

Jambo hili si geni katika nchi hii. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi zamani za ukoloni waliijua vema kazi ya tikiti. Mtu aliandikiwa tikiti ya siku 30 za kazi, naye alipewa muda wa siku 42 kuzimaliza. Siku asiyofanya kazi haikutiwa alama, wala fedha hazikutoka mpaka tikiti ijae. Mtu aliyeanza tikiti mpya tarehe 20 Novemba, akipumzika Jumapili tu, aliweza kuimaliza jioni ya tarehe 24 Desemba. Lakini akishikwa na homa siku tatu, Krismasi ilimkuta mikono mitupu, na malipo yake yakangoja mpaka sikukuu zipite. Wazee hao hawakuhitaji kufundishwa kwamba siku ya sikukuu na siku ya fedha ni mambo mawili mbalimbali.

Sasa msomaji na achukue mfano wa mtu mmoja afanyaye kazi katika kiwanda cha Nairobi, ambaye nyumba yake iko upande wa Busia. Mshahara wake ni shilingi 24,000 kwa mwezi. Mkewe na watoto watatu wako nyumbani. Mwaka uliopita alilipwa tarehe 22 Desemba, na mwaka huu akatumaini vivyo hivyo. Tarehe 21 likabandikwa tangazo ukutani: mishahara italipwa tarehe 31. Mfukoni ana shilingi 3,800. Nauli ya kwenda kwao, ambayo siku za kawaida ni shilingi 1,300, imepanda kufika 2,500, kama ipandavyo nauli ya magari ya bara kila Krismasi. Na kodi ya chumba, shilingi 4,500, yatakiwa kabla ya tarehe 5 Januari.

Wenzake wawili walimshauri akope kwa simu. Ushauri huo hutolewa upesi siku hizi, kwa sababu mkopo wenyewe hupatikana upesi. Huduma ya M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, ada yake iliwekwa shilingi 7 na senti 50 kwa kila shilingi mia, kwa muda wa siku 30. Kwa mtu mwenye haja, ada hiyo yaonekana ndogo. Basi na ihesabiwe. Akikopa shilingi 8,000, atalipa 8,600. Mshahara wa tarehe 31 ukitoka, utabaki na shilingi 15,400. Aondoe kodi 4,500 na fedha za shule 6,000, atasaliwa na 4,900. Nauli ya kurudi Nairobi, ambayo mwanzoni mwa Januari hupanda tena kwa kuwa watu wote warudi pamoja, ni 2,500. Zilizobaki ni shilingi 2,400 za kula siku 31. Hazitoshi, atakopa tena, na ada ya pili itafuata ya kwanza. Mtu akikokota deni namna hiyo kila mwezi kwa mwaka mzima, atakuwa amelipa shilingi 90 kwa kila mia aliyokopa, na ile mia bado ingali juu yake.

Neno lililo gumu zaidi kuliko hesabu ni kuwaambia watu wa nyumbani. Mwanamume wa mjini huona haya kusema kwamba hana fedha, hasa akijua kwamba jirani yake wa kijijini atashuka garini na mizigo. Wengine huzima simu siku tatu. Hilo ni kosa kubwa kuliko kukopa, kwa sababu mke asiyejua kitu atachukua sukari na mchele dukani kwa mkopo akiamini kwamba fedha zimo njiani, na deni litaanza pande mbili.

Mtu wa mfano huu alimpigia mkewe jioni ile ile. Alinyamaza kidogo mke, kisha akajibu, "Baba watoto, afadhali umesema leo. Kuku wapo. Wakubwa wawili bado wanaenea nguo za Pasaka, na huyu mdogo nitampunguzia gauni la dada yake. Wewe tuletee fedha za shule."

Baada ya maneno hayo mpango ulikuwa mwepesi. Alipeleka shilingi 1,500 kwa simu, za sukari, unga wa ngano na mafuta, akabaki na zaidi kidogo ya shilingi 2,200 za chakula mpaka mwisho wa mwezi. Krismasi aliifanya Nairobi pamoja na watu wa kanisa lake. Tarehe 31 alipolipwa, alimpa mwenye nyumba kodi yake kwanza, kisha akapanda gari la usiku kwa nauli ya kawaida, kwa kuwa waliokwenda bara walikuwa wamekwisha kwenda. Mwaka Mpya akala na watoto wake. Hesabu yake ilikuwa hivi: kodi 4,500, nauli ya kwenda 1,300, nauli ya kurudi 2,500, shule 6,000, matumizi ya nyumbani 3,000, chakula cha Januari 5,000. Jumla ni shilingi 22,300, na shilingi 1,700 zikabaki za dharura. Nauli ya kurudi aliifunga katika kitambaa akampa mkewe aiweke. Watu wengi huila nauli hiyo kijijini, halafu huuza kuku ili warudi kazini.

Yafaa kusema pia kwamba kulipwa mapema kuna hatari yake. Aliyepokea mshahara tarehe 22 Desemba atangoja mpaka tarehe 31 Januari, yaani siku 40, na katikati yake shule zafunguliwa. Mwenye bahati hiyo angefanya vema kuutenga mshahara mafungu mawili siku ile ile, fungu la Januari akalitia mahali pasipofikika kwa urahisi, kama vile katika akiba ya chama au ya Benki ya Posta.

Huko mashambani taabu hii huja kwa sura nyingine. Fedha za mjini zisipofika, jicho huenda ghalani. Katika sehemu za Bonde la Ufa mahindi huvunwa mwisho wa mwaka, na kwa kuwa kila mtu anayo, bei yake huwa chini. Mwenye nyumba auzaye magunia mawili kwa ajili ya sikukuu mara nyingi huyanunua tena mwezi wa Juni kwa bei iliyo juu zaidi. Kama hapana budi kuuza kitu, jogoo na mbuzi dume hupata bei nzuri Desemba kuliko mwezi mwingine wowote, maana ndio wanaotakiwa na watu.

Aliye mwanachama wa sako aulize mkopo wa dharura kabla ya kugusa simu, kwa kuwa riba yake kwa kawaida ni nafuu. Lakini mikopo yote ikatwayo katika mshahara ina mpaka: sheria hairuhusu makato yote pamoja yapite theluthi mbili za mshahara. Mtu wa shilingi 24,000 lazima apokee mkononi si chini ya shilingi 8,000. Akipokea pungufu ya hizo, na aulize kwa karani wa mishahara akiwa na karatasi yake ya malipo, ambayo sheria humpa haki ya kuipata.

Na kama tarehe 31 imepita wala mshahara haukutoka, hapo ndipo ulipochelewa kweli. Mfanyakazi asiache kazi kwa hasira wala asiandike barua ya matusi. Kwanza amwulize msimamizi wake kwa adabu, ikiwezekana pamoja na wenzake, na aandike tarehe aliyouliza na jibu alilopewa. Asiporidhika, aende kwa afisa wa kazi akichukua barua ya kuandikwa kazi, karatasi za malipo ya miezi iliyopita na kitambulisho chake. Ofisi hizo hufungwa tarehe 1 Januari, nazo huwa na watu wengi zikifunguliwa. Afikaye asubuhi na mapema ndiye asikilizwaye siku hiyo.