Darsa la Ramadhani 18: Mrehani uliobanwa na kopo



Ndugu zangu, darsa la leo ni la mti mdogo. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe hazina bustani, kwa hivyo mrehani tunaupanda kwenye kopo la rangi au dumu lililokatwa, tukauweka uwani au kwenye roshani. Tunachuma ya kikuba, tunachanganya na asumini, basi. Mwaka unapita, kopo ni lile lile. Halafu unaona majani ya chini yamekuwa manjano, ukimwagia maji yanapita moja kwa moja mpaka sakafuni, na ikifika adhuhuri mti umelegea kama haukunyweshwa asubuhi. Watu husema ni jua. Basi hebu inua kopo utazame chini: mizizi inachungulia kwenye matundu. Ndani udongo karibu umekwisha, mizizi imejizungusha kama kamba ya usumba.

Na bado unanukia! Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Rehani imetajwa kwenye Suratu Rahman, aya ya 12, kuwa ni katika neema za Allah. Lakini katika hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alimfananisha mnafiki anayesoma Qur'ani na rehani: harufu nzuri, ladha chungu. Allah atulinde. Harufu haikwambii hali ya mizizi.

Wengi wakiona mti umebanwa wanauhamisha tu na bonge lake kwenye chombo kikubwa. Haisaidii sana. Mizizi iliyozoea duara huendelea kuzunguka pale pale, na udongo mpya uko pembeni yake. Sasa Ramadhani si udongo mpya huo? Tarawehe hatukosi, juzuu tunamaliza, lakini yuko ndugu wa tumbo moja ambaye tangu mwaka juzi hatusemi naye, na liko deni tunalolijua na mwenyewe tunampita njiani. Tumeingia mwezi mpana na duara letu lile lile.

Kwa mrehani, fanya baada ya Alasiri, jua likipungua. Loweka kopo majini kama nusu saa, gongagonga ubavuni, uutoe mti. Ukikataa usiuvute shina, kata kopo. Bonge lifumue kwa vidole. Palipokaza kama mkeka, chana kwa kisu mara tatu nne kutoka juu kwenda chini, na ile iliyojikunja kitakoni ikate uitupe. Kunaogopesha, lakini mizizi mipya hutoka hapo hapo palipokatwa. Juu nako punguza thuluthi moja ya matawi, kwa sababu mizizi michache haiwezi kunywesha majani mengi. Chombo kipya kizidi cha zamani vidole viwili vitatu tu, kiwe na matundu. Tia udongo na samadi iliyooza. Mchanga wa pwani usitie, una chumvi. Mwagia, uweke kivulini siku nne tano, na usishangae ukinyong'onyea mwanzo.

Yale matawi uliyokata usiyatupe. Ondoa majani ya chini, tia kwenye gilasi ya maji. Baada ya wiki moja au mbili yatatoa mizizi. Yakiota, mpelekee jirani. Au mpelekee yule ndugu, ukabishe hodi nayo mkononi. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa anayepewa rehani asiikatae, maana ni nyepesi kubeba na ina harufu nzuri.

Saumu maqbul.