Kunasa na Kuhariri Mazungumzo: Somo kwa Wanafunzi

Siku hizi wanafunzi wengi huagizwa na walimu wao kutengeneza podikasti, yaani maongezi yaliyonaswa, ambayo msikilizaji huyapata katika intaneti na kuyasikiliza wakati autakao. Kazi hii yaonekana nyepesi, maana simu ya mkononi yatosha kunasa sauti. Lakini ndani yake mna jambo zito: mtu amekukabidhi maneno yake, nawe una kisu cha kuyakata. Basi na tujifunze kazi hii hatua kwa hatua.

1. Kabla ya kunasa. Mchague mtu aliyeliona jambo kwa macho yake, si aliyelisikia tu. Mweleze waziwazi unataka kumwuliza nini, na sauti yake itasikiwa wapi. Kisha umwombe ruhusa. Akiwa mtoto, wazazi wake nao waombwe. Andika maswali matano au sita yasiyoweza kujibiwa kwa neno moja. Ukiuliza, "Je, ulifurahi?" utajibiwa, "Ndiyo," na maongezi yamekwisha. Ukiuliza, "Siku ile ilikuwaje?" utapewa habari.

2. Wakati wa kunasa. Tafuta chumba kidogo chenye mapazia, mikeka au nguo, kwa kuwa ukuta mtupu huleta mwangwi. Zima feni na redio. Weka kipaza sauti umbali wa shubiri moja na kinywa, tena kando kidogo, ili pumzi isikipige. Kabla ya kuanza, fanya jaribio na kutazama kipimo: sauti ikipanda sana ifike kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri. Ikigonga sifuri hukwaruza, na kuiponya baadaye ni shida kubwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Tena nasa ukimya wa chumba kwa nusu dakika, pasipo mtu kusema neno. Huo utauhitaji baadaye.

Ukimhoji mzee, anza kwa shikamoo na habari za nyumbani, wala usimharakishe. Anaposema, usiitikie kwa sauti kila mara, maana itikio lako litanaswa juu ya maneno yake. Itikia kwa kichwa. Akinyamaza, nyamaza nawe kidogo. Mara nyingi neno kubwa huja baada ya kimya.

3. Wakati wa kuhariri. Kwanza fanya nakala ya faili, na ile ya asili uiweke mahali salama pasipo kuigusa. Iko programu ya kompyuta iitwayo Audacity, isiyolipiwa, iliyoanzishwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na kutolewa kwa watu mwaka 2000. Humo sauti huonekana kama mawimbi, nawe waweza kuchagua sehemu na kuiondoa.

Usikate neno lolote kabla ya kusikiliza yote, tangu mwanzo hata mwisho, ukiandika kila jambo na dakika yake. Kisha ondoa vikohozi, maneno yaliyorudiwa bure, na habari zisizohusu swali. Kata penye nafasi baina ya sentensi, wala usikate pumzi katikati. Mahali palipobaki pengo, tia ule ukimya ulionasa, na sikio halitashtuka. Ukimya huo huo huifundisha programu mvumo wa chumba, nayo huupunguza. Lakini ukizidisha, sauti ya mtu huwa kama itokayo ndani ya bomba.

Sauti isiyobanwa, ya mkondo mmoja, yenye vipimo 44,100 kwa sekunde na biti 16, hutwaa megabaiti 5 na zaidi kwa kila dakika. Ukiigeuza kuwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, dakika hiyo haifiki nusu megabaiti. Basi tunza ile kubwa, upeleke hii ndogo, ili msikilizaji asimalize fedha zake kwa kuipakua.

4. Mpaka wa kisu. Tuseme mtu amekuambia, "Siku ile niliogopa, nikataka kukimbia, lakini sikukimbia." Ukikata maneno mawili ya mwisho, umemfanya mwoga mbele ya watu wote, na kila neno lililobaki ni lake mwenyewe. Huo ni ushahidi wa uongo uliotengenezwa kwa maneno ya kweli. Ndivyo ilivyo pia ukilitwaa jibu la swali moja na kuliweka chini ya swali jingine. Kufupisha ni halali. Kugeuza maana si halali.

Tazama mfano huu. Mwaka 2019 redio ya taifa ya Marekani, NPR, ilishindanisha podikasti za wanafunzi kwa mara ya kwanza, nazo zilizoletwa zilikuwa karibu 6,000. Miongoni mwa washindi walikuwa wanafunzi wa Elizabethton, Tennessee. Walisimulia habari za Erwin, mji jirani, ambako mwaka 1916 tembo wa sarakasi aliyeitwa Mary, aliyekuwa amemwua mtunzaji wake, alinyongwa kwa winchi ya reli. Aibu ile iliushika mji kwa miaka mia. Wanafunzi hawa wangaliweza kuishia penye kitisho, maana kitisho huvuta masikio. Lakini walieleza pia jinsi watu wa Erwin walivyojitahidi kuinuka katika aibu ile. Kama wangalikata nusu hiyo, habari ingalikuwa fupi, na mji ungalidhulumiwa.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kupeleka kazi:

(a) Je, aliyehojiwa ajua sauti yake itasikiwa wapi?
(b) Je, kila jibu liko chini ya swali lake?
(c) Je, nimeondoa "lakini" yoyote iliyobeba maana?
(d) Nikiketi naye tukasikilize pamoja, je, atasema, "Naam, ndivyo nilivyosema"?

Swali la mwisho lisiishie katika mawazo. Mwendee, umsikilizishe kazi yako. Akionyesha mahali maana yake ilipopotoka, rudi kwenye faili ya asili, uirudishe.