Magoti Chini, Mwiko Mkononi

Somo la wiki: Nehemia 4:6–23

Kuna msemo tunaupenda sana: "Jisaidie, na Mungu atakusaidia." Wengi hudhani ni andiko. Haumo katika Biblia. Kuna na mwingine, "Mungu atatenda," ambao mara nyingi tunausema tukiwa tumekunja mikono. Wa kwanza unamweka Mungu nyuma ya bidii yetu. Wa pili unaifanya imani kuwa mto wa kulalia. Hebu tuone Nehemia alivyopita katikati.

1. Imani huanza kwa magoti
Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani. Aliposikia ukuta wa Yerusalemu umebomoka, hakukimbilia mawe. Alilia, akafunga, akaomba. Kutoka mwezi wa Kisleu katika sura ya 1 hadi Nisani katika sura ya 2 ni kama miezi 4. Mlango ulikuwa bado umefungwa, na yeye hakuuvunja.

2. Mlango ukifunguka, imani husimama
Mfalme alipomwuliza anataka nini, aliomba tena kidogo, kisha akataja haja zake: muda, barua za kuwapa maliwali, na miti ya kujengea kutoka msitu wa mfalme. Ni kama ile miezi ya maombi alikuwa pia anapiga hesabu. Na alipopewa, alisema ni mkono wa Mungu.

Sanbalati na Tobia walipopanga vita, watu waliomba na wakaweka walinzi, mchana na usiku. Yote mawili yako katika mstari mmoja, 4:9. Hakuna aliyesema ati kuweka walinzi ni kukosa imani.

Hapa niseme wazi. Nimeketi kando ya kitanda cha mpendwa aliyeacha dawa za presha kwa sababu aliombewa. Imani yake ilikuwa ya kweli, na mtu asimcheke. Lakini upande mmoja wa mwili ulikuwa umepooza. Soma 2 Wafalme 20. Hezekia aliahidiwa miaka 15 zaidi, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu. Ahadi na dawa zilipitia kwa nabii yule yule. Ukiombewa, endelea kumeza dawa, na urudi kliniki upimwe. Kama Bwana amekuponya, kipimo kitashuhudia, na daktari ndiye atakayekwambia uache.

3. Ukuta hujengwa na wote
Sura ya 3 tunairuka kwa sababu ya majina mengi. Isome polepole. Wafua dhahabu na watengeneza manukato walishika mawe. Shalumu alijenga pamoja na binti zake. Wengine walitengeneza sehemu iliyokabili nyumba zao. Lakini wakuu wa Watekoa walikataa kuinamisha shingo, na hilo pia likaandikwa.

Dada mmoja aliniambia, "Mchungaji, natumika, lakini moyo umekauka." Nilimjibu hivi: huenda hujapungukiwa na maombi, huenda umebeba mawe ya watu wengine. Tazameni nani hufagia kanisa, nani hupika kukiwa na wageni, nani huenda kuwaona wagonjwa. Si ni nyuso zile zile? Wengi wetu tukisema "Mungu atatenda," tunamaanisha "fulani atafanya."

4. Imani hujua kufunga malango
Katika 13:19, Nehemia yule yule mchapa kazi aliagiza malango yafungwe sabato isipopita. Wachuuzi wakalala nje na bidhaa zao. Anayepumzika anakiri kwamba Mungu hulinda mji hata yeye akiwa usingizini. Mtumishi asiyeweza kukosa hata zamu moja, akiogopa kazi itaanguka, ameanza kuutumaini mkono wake.

Ukuta ulimalizika kwa siku 52, na hata maadui wakajua kwamba kazi ile ilitendeka kwa Mungu. Mawe yalibebwa na watu, jasho lilikuwa la watu, na sifa zikamrudia Mwenyewe.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Ni jambo gani umeliombea muda mrefu, na mlango umeshafunguka lakini hujainuka?
2. Ni kazi gani unaifanya bila kuiombea?
3. Ni nani hapa kwetu anabeba jiwe lako? Mwendee kabla ya Jumapili.

Tuombe: Bwana, tufundishe kungoja mlango ukiwa umefungwa, kuinuka ukifunguka, na kulala kwa amani kazi ya siku ikiisha. Katika jina la Yesu, amina.