SOMO LA IJUMAA: MSHIPA WA DAMU NA DHANA MBAYA

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, mzee mwenye nguvu anarudi shambani, anashika kifua, anaanguka. Kabla ya Isha amekwisha kufariki. Hata kaburi halijachimbwa, watu wanaulizana: ni nani aliyemloga? Leo tujifunze jambo ambalo mara nyingi ndilo sababu ya kifo kama hicho.

Moyo nao unahitaji damu. Unaipata kwa mishipa yake midogo. Mafuta yanayoitwa kolesteroli yakizidi katika damu, huingia ndani ya ukuta wa mshipa, yakajikusanya humo miaka mingi bila maumivu. Tumbako, tansio na ugonjwa wa sukari huongeza kasi. Siku moja rundo lile hupasuka, damu huganda juu yake, njia hufungwa, na nyama ya moyo iliyokosa damu hufa. Ikifungwa njia ya ubongo, mtu hupooza upande mmoja.

Wengine husema: haya ni magonjwa ya Wazungu. Zamani ilikuwa karibu na kweli. Mwaka 1960 waganga wa hospitali walitoa hesabu ya maiti zilizopasuliwa Uganda na katika mji wa St. Louis, Marekani, 632 kila upande. Marekani, mioyo 136 ilikuwa na jeraha la ugonjwa huu. Uganda, mmoja tu. Lakini si ngozi iliyowakinga. Maisha na chakula vilipobadilika, ugonjwa ulitufikia sisi pia. Leo Tanzania ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, na kazi yake mojawapo ni kuzibua mishipa hiyo.

Tufanye nini? Mawese ni neema ya nchi yetu, lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayopandisha kolesteroli. Tuyapime kwa kijiko, tusiyamimine. Tupunguze chumvi, tule sombe, maharagi na matunda, tuache sigara. Aliyevuka miaka 40 apimwe tansio. Anayebanwa kifua akibeba mzigo, kisha akipumzika anapata nafuu, asingoje: aende hospitali. Na kifua kisipoachia, au mdomo ukipinda na mkono ukilegea, apelekwe saa ileile.

Ndugu zangu, katika Suratul Aaraf, aya ya 31, Mola ametukataza israfu katika kula na kunywa. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, ametuamuru tujiepushe na dhana. Asiyejizuia mbele ya sahani anajidhuru mwenyewe. Asiyeuzuia ulimi wake msibani anamdhuru mjane, au bibi mzee wa jirani anayefukuzwa kijijini kwa jambo asilolitenda. Basi mkifika msibani, ulizeni kwanza: marehemu alikuwa akiumwa nini? Alipimwa lini?

Mwenyezi Mungu atupe afya, na atuepushe na dhuluma. Amin.

Wabillahi tawfiq.