Bwana Yako Anataka Kuacha Lutuku: Usimuache Peke Yake

Wamama, siku ya kupima watoto tunasikia kwenu maneno mingi juu ya pombe. Mumoja anasema: franga ya mushahara inakwisha mbele ya kufika nyumbani. Mwingine anasema: bwana yangu ameapa, kesho anaacha. Ni vizuri aache. Lakini kwa mutu fulani, siku ile ya kuacha inaweza kuwa na hatari kuliko siku zote alizokunywa. Ndiyo sababu ya somo hili.

Bia ya chupa iko na alkoli karibu sehemu 5 katika 100. Lutuku inapikwa, mvuke wake unageuka maji tena, kwa hiyo inaweza kupita 40. Mutu anayekunywa kila siku, tangu asubuhi, kwa miaka mingi, ubongo wake umekwisha kuzoea. Alkoli inalaza ubongo, na ubongo unajikaza kubaki macho, sawa mutu anayesukuma mulango uliofungwa. Ukifungua mulango gafula, anaanguka. Ni vile inakuwa kama lutuku inakatwa mara moja.

Angalia vizuri. Saa 6 mpaka saa 24 nyuma ya kinywaji cha mwisho, mikono inaanza kutetemeka, jasho linatoka, moyo unapiga mbio, anatapika, hawezi kulala. Kwa wengi inaishia pale, siku chache tu. Lakini wengine wanaanguka sawa wenye kifafa, zaidi katika siku mbili za kwanza. Na siku ya pili mpaka ya ine, wengine wanachanganyikiwa: anaona wadudu juu ya kitanda, anaongea na watu ambao hawako, mwili unawaka moto. Jamaa wanasema: amelogwa. Wanamupeleka kwa mufumu, njia ndefu, na anafia kule. Si uchawi, mama. Ni ubongo uliokosa alkoli, na kuko dawa yake.

Basi, usiende usiku kumwaga lutuku yake yote au kuificha. Tunajua hasira yako, na hasira ile iko na haki. Lakini mutu anayetetemeka asubuhi kama hajakunywa, ao aliyekwisha kuanguka kifafa siku aliyokosa pombe, asiache yeye peke yake. Alete mwili wake kwa lopitali, na wewe umusindikize, kwa maana yeye atasema anakunywa kidogo tu. Wewe useme kweli: chupa ngapi, tangu lini.

Kule munganga anamupa dawa ya kutuliza ubongo, mara nyingi ni Valium, nyingi kidogo siku ya kwanza, halafu anaipunguza kila siku, karibu juma moja, na kisha anaiacha. Anamupa pia vitamini B1, sababu mutu wa lutuku hali vizuri, na pasipo vitamini hii anaweza kupoteza akili na macho kuyumba. Kwa hiyo B1 inatangulia seromu ya sukari. Usinunue Valium kwa duka na kumupa nyumbani. Ikikutana na lutuku ndani ya mwili, inaweza kuzima pumzi. Na Valium yenyewe, mutu akiizoea, inamufunga pia.

Kama lopitali iko mbali sana? Asikate yote mara moja. Apunguze kidogo kila siku, anywe maji, ale uji, akae pahali pa kimya, na mutu mwenye kujua abaki karibu. Akianguka kifafa ao akichanganyikiwa, mutafute njia ya kumupeleka hata usiku.

Neno lingine ambalo watu wanasahau: tangu wakati wa Wabeleji sheria ilikataza lutuku, na mutu anaweza kutupwa kasho. Ndani ya kasho hakuna pombe, na siku ya pili anaanza kutetemeka. Enda kuambia wakubwa wa kasho kwamba yeye ni mugonjwa, munganga amuone. Ni vile vile kama bwana yako amelazwa juu ya malaria ao mufupa uliovunjika: ambia munganga kwamba anakunywa kila siku. Kwetu sisi, kufunga mutu hakujaponyesha kiu yake.

Sasa ninyi wenyewe. Tunajua wamama wengi wanapika lutuku juu ya franga ya masomo ya watoto, na hatuwezi kuwahukumu. Lakini yule anayeonja kila mutungi naye anakunywa. Kama uko na mimba, alkoli inapita kwa damu mpaka kwa mutoto. Katika mwaka 1973 waganga wa Seattle, kule Marekani, waliandika juu ya watoto waliozaliwa wadogo, na sura ya namna moja, wazito kwa kujifunza, sababu mama zao walikunywa sana. Hakuna kipimo tunachojua kwamba hakina hatari. Na ile bia wanayomupa mama aliyezaa ili maziwa yaongezeke? Alkoli inapunguza maziwa. Mupeni uji na maji. Lakini mama mwenye mimba aliyezoea kunywa kila siku, naye asikate peke yake: aje kwetu, hatutamufukuza.

Nyuma ya juma lile la dawa, mwili umetulia, lakini hamu inarudi, zaidi siku ya mushahara na siku ya matanga. Akianguka tena, mumurudishe. Wengi wanaacha mara ya pili ao ya tatu. Kuko nyumba za magonjwa ya akili zinazopokea watu wa namna hii: SOSAME kule Bukavu, Tulizo Letu kule Goma, na Guislain kule Lubumbashi. Uliza kwa kituo chako cha afya wakuandikie karatasi ya kumutuma, na ubebe pia karatasi ya dawa alizokwisha kupewa.