Spoku Moja Ikikatika, Gurudumu Zima Likaguliwe

Katika kata ya Ngumbo na vijiji vingine vya mwambao wa Ziwa Nyasa, baiskeli kubwa za chuma za inchi 28 bado zina kazi ambayo pikipiki haijaimaliza: madebe ya usipa, viroba vya muhogo, mabati, hata mgonjwa anayewahishwa zahanati. Nyingi ni Phoenix za Shanghai au Hero za Ludhiana, na hapa na pale Raleigh kuukuu ya Nottingham, yenye breki zake za fimbo. Kijitabu hiki kinahusu hitilafu moja ya baiskeli hizo inayodharauliwa, yaani kukatika kwa spoku ya gurudumu la nyuma. Mara nyingi spoku hukatika kwa sababu gurudumu limekaa limelegea muda mrefu. Kwa hiyo fundi anayeweka spoku mpya na kuziacha nyingine jinsi zilivyo amefanya nusu ya kazi.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye kipande chenyewe. Ukiiokota spoku iliyokatika utaona kuwa kwa kawaida imekatikia shingoni, pale inapopinda kuingia katika tundu la habu. Katikati haikatiki ila kwa nadra. Chuma kinachokatikia penye kona ni chuma kilichochoka kwa kukunjwa kidogo kidogo, mara maelfu. Kuelewa kunakotoka kukunjwa huko, lazima tuachane na dhana kwamba gurudumu husimama juu ya spoku zake kama nyumba juu ya nguzo. Spoku ni waya, na waya hauwezi kusukuma. Zote huvutwa kwa pamoja kati ya habu na rimu, na uzito unapokaa juu ya ekseli, zile zilizo chini wakati huo hupungukiwa na mvuto, kisha hukaza tena zinapopanda. Mhandisi wa Marekani, Jobst Brandt, alilifafanua jambo hili katika kitabu chake cha 1981, The Bicycle Wheel. Sasa piga hesabu. Gurudumu la inchi 28 lina mzingo wa takriban mita 2.2, hivyo katika kilomita 1 huzunguka kama mara 450. Safari ya kilomita 20 ni mizunguko 9,000, na kila spoku hulegea na kukaza mara hizo zote. Iliyokazwa vizuri hupungukiwa kidogo tu na shingo yake hutulia. Iliyolegea huachia kabisa, shingo ikacheza tunduni, na ufa ukaanza.

Wako watakaosema kwamba sababu ni mzigo na njia mbovu. Ni kweli kwamba barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay ina lami, lakini njia nyingi za kushukia ziwani ni mawe na mchanga, na gurudumu la nyuma, lenye keria juu yake, ndilo linaloumia. Hata hivyo hoja hiyo inageuka na kutuunga mkono. Ikiwa mzigo huondoa mvuto kwenye spoku za chini, basi kadiri unavyobeba zaidi ndivyo spoku zinavyotakiwa kuwa zimekazwa zaidi kabla ya kuondoka. Mchukuzi wa viroba hawezi kuibadili barabara wala kuuacha mzigo unaomlisha. Anachoweza kubadili ni mvuto wa spoku, na kwa hilo anahitaji spana ndogo tu.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa mafundi wenyewe: ukikaza sana, utazikata. Hofu hii ina chembe ya ukweli, kwa sababu wakati wa kukaza, spoku moja au mbili huweza kukatika. Lakini waya wa spoku wa milimita 2, ukiwa mzima, hustahimili mvuto wa zaidi ya kilo 200, na mkono wenye spana ya spoku huiharibu nati, au huipasua rimu penye tundu, kabla ya kuukata waya huo. Spoku iliyokatika mkononi mwa fundi ilikuwa na ufa tayari, na kukatikia kibandani ni afadhali kuliko kukatikia mteremkoni. Fundi makini hazikazi kwa kubahatisha. Huzigonga kwa kidole moja baada ya nyingine na kusikiliza. Za upande mmoja zinapaswa kutoa sauti zinazokaribiana, na yenye sauti butu ndiyo iliyolegea.

Ugumu wa kweli uko upande wa mnyororo. Spoku ya upande huo haipiti vizuri mpaka friwili itolewe, na friwili hujikaza kwenye hesi kila mtu anapokanyaga pedali, kwa hiyo kuitoa kunataka kifaa chake na jiliwa. Ndipo hutokea njia ya mkato: kichwa cha spoku hukatwa, ncha ikakunjwa kuwa ndoano na kutundikwa tunduni. Kwa kufika nyumbani, sawa. Kwa kuuzia mteja, hapana, kwa kuwa ndoano hufunguka kidogo kidogo chini ya mvuto na gurudumu hurudi kulekule kwenye ulegevu. Mteja akubali kulipia kazi ya kutoa friwili.

Ununuzi nao una mitego. Gurudumu la nyuma la baiskeli nyingi za zamani zenye mtindo wa Uingereza lina matundu 40 na la mbele 32, na rimu ya matundu 36 haiwezi kufungwa kwenye habu ya 40. Ndiyo maana rimu kuukuu inafaa kuokolewa mapema, kabla haijapinda. Urefu wa spoku hupimwa kutoka ndani ya kona hadi mwisho wa hesi. Nenda dukani na kielelezo kizima kutoka upande uleule wa gurudumu, ulinganishe na unene pia.

Katika kuifunga spoku mpya, mpangilio hujirudia kila baada ya spoku nne kwenye rimu, hivyo ya nne kutoka kwenye pengo ndiyo ya kuigwa: inaingilia upande gani wa habu, inapita juu au chini ya ipi. Tairi na tyubu zitolewe, maana ncha ikichomoza juu ya nati itatoboa tyubu, na inafaa kupigwa tupa. Kaza kwa robo mzunguko, minya spoku mbilimbili kwa nguvu ili shingo zikae, kisha kaza tena. Kwenye breki za fimbo raba huvutwa dhidi ya uso wa rimu unaotazama habu, kwa hiyo kuangalia kama rimu inakwenda kushoto na kulia hakutoshi. Iangaliwe pia kama inapanda na kushuka, la sivyo breki itang'ang'ania na kuachia katika kila mzunguko.

Spoku ikikukatikia njiani, ifunge kwa kuizungusha kwenye jirani yake isinase mnyororo, shusha mzigo, na kama rimu inagusa raba, legeza breki ya nyuma na ukokote baiskeli kwenye miteremko.